Maleba na vifaa vya mchezo wa Mfalme Arthur: anza na karne, usipuuze ala ya upanga

Kabla hujashika mkasi, waulize waandaaji jambo moja: Arthur wenu ni wa karne gani? Nimecheza michezo hii ya kuigiza wahusika uwandani, ambayo wachezaji huiita LARP, kwa muda wa kutosha kujua kwamba Camelot nyingi (hiyo ndiyo ngome ya Arthur hadithini) zinavurugika machoni kwa sababu hiyo tu. Mmoja anakuja na mabamba ya chuma yanayong'aa kuanzia kichwani hadi miguuni, mwingine ana kanzu ya sufu na joho lililobanwa begani kwa bizimu, na wote eti wanaketi kwenye Meza ya Duara moja, ile ya mashujaa wa Arthur.

Tatizo ni kwamba wote wawili wana haki. Kama Arthur aliwahi kuishi, jambo ambalo wanahistoria hawajaafikiana, basi aliishi Britania ya karne ya 5 au ya 6, Warumi walipokwisha kuondoka. Lakini hadithi tunayoijua imesukwa baadaye sana. Geoffrey wa Monmouth aliandika habari za Arthur miaka ya 1130. Wace akaleta meza ya duara mwaka 1155. Chrétien de Troyes akatupa mapenzi ya shujaa Lancelot na malkia wa Arthur kabla karne hiyo ya 12 haijaisha, na simulizi la Thomas Malory likachapwa na William Caxton mwaka 1485. Wasimulizi hawa waliwavika mashujaa mavazi ya zama zao wenyewe, na wachoraji wakafuata mkondo huohuo.

Kwa hiyo mna njia tatu: Britania baada ya Warumi, karne ya 12, au karne ya 15 yenye mabamba kamili. Kwa kundi jipya nashauri mojawapo ya mbili za kwanza. Mabamba ya kweli ni mazito na ni ghali, na ni vigumu kuyavaa bila mtu wa kukusaidia kuyafunga. Ya sponji hupendeza kwenye picha, ila mvaaji akitembea yanalia kama viatu vilivyoingia maji.

Mkishakubaliana karne, jiulize mtu atakutambuaje akiwa hatua ishirini kutoka ulipo. Maleba ya mchezo huu si ya kujipendezesha. Ni taarifa kwa wenzako. Wanapaswa kujua mara moja huyu ni mfalme, huyu mtawa, huyu mchawi, bila kuja kuuliza. Hadithi zenyewe zinasaidia kwa mashujaa wa Arthur: Gawain anapokwenda kukutana na Shujaa wa Kijani, ngao yake ni nyekundu yenye nyota ya dhahabu ya ncha tano, na ya Galahad ni nyeupe yenye msalaba mwekundu. Ukichora moja ya hizo vizuri, hata kanzu yako ikiwa ya kawaida kabisa, watu watakujua. Lakini nembo za ukoo kwenye ngao zilishika mizizi karne ya 12. Mkichagua Britania ya kale, acheni nembo na mtofautishane kwa rangi za majoho.

Kushona si kugumu kama watu wanavyodhani, maana nguo za zama hizo zilikatwa kwa mistari iliyonyooka. Mwili ni kipande kirefu kilichokunjwa mabegani, mikono ni mistatili inayopungua kidogo kuelekea kiganjani, ubavuni unaongeza taharizi ili pindo lipanuke, na kwapani unaweka kikwapa cha mraba. Usikiache hicho kikwapa hata ukiwa na haraka. Bila hicho, ukiinua upanga kanzu yote inapanda na wewe, na mshono wa bega ndio wa kwanza kuachia. Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa sababu pamba, kitani na sufu hurudi vikifuliwa.

Kwa joho, nusu duara ndiyo inayoanguka vizuri mgongoni. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 na urefu wa mita 3 kinamtosha mtu mzima wa kimo cha wastani. Kama mtakuwa na moto wa kuni usiku, chagua sufu. Poliesta huyeyuka na kugandia ngozini, ilhali sufu haishiki moto kwa urahisi. Zaidi ya hayo sufu huhifadhi joto hata ikilowa, na usiku joho hugeuka blanketi.

Rangi? Wapaka rangi wa zama hizo walipata buluu, nyekundu na manjano kutoka kwenye mimea, na kijani kwa kuchovya kitambaa cha manjano ndani ya buluu. Nyeusi iliyokoza ilikuwa ngumu kuipata. Hivyo kundi zima likivaa nyeusi, linaonekana la wanamuziki na si la watu wa Camelot. Mwachieni mchawi mmoja hiyo nyeusi.

Deraya ya pete za chuma inayofika mapajani inaweza kupita kilo 10, na uzito wote unakaa mabegani. Funga mkanda kiunoni, kisha ivute deraya juu kidogo ili ilale juu ya mkanda. Utashangaa mzigo unavyopungua. Pete za alumini ni nyepesi zaidi. Ipo pia mbinu ya zamani ya watu wa tamthilia: fuma uzi mnene wa kijivu, kisha upitishe brashi yenye rangi ya fedha ikiwa karibu kukauka. Kwa mbali, hasa usiku, hakuna atakayebaini.

Silaha ndizo zisizotaka ujanja. Upanga salama una kiini cha fimbo ya faiba, umezungukwa na tabaka za sponji ngumu iliyobanwa kwa gundi ya mpira, kisha umepakwa lateksi, yaani mpira wa majimaji unaokauka. Gundi hiyo hupakwa pande zote mbili, unaiacha mpaka ikiguswa isinate kidoleni, ndipo unabana, na unafanya kazi mahali penye hewa ya kutosha kwa sababu mvuke wake hulevya. Kabla ya rangi, pitisha hewa ya moto juu ya sponji mpaka uso wake ufunge vitundu, la sivyo itakunywa rangi tabaka baada ya tabaka. Sehemu ya kuiangalia kwa jicho la mashaka ni ncha. Mwisho wa fimbo uvalishwe kipande cha ngozi nene, na mbele yake iwepo sponji ya kutosha, ili fimbo isitoboe na kutokea nje. Hata hivyo usichome mtu kwa upanga uliotengenezwa kwa kufyeka. Waandaaji makini hukagua kila silaha kabla ya mchezo kuanza, kwa kuikunja na kuibonyeza ncha. Ya kwako ikikataliwa, usibishane nao. Na waulizeni wachezaji mapema nani ana mzio wa lateksi.

Ukishaumiliki upanga, usiusimamishe kwa ncha yake, usiuache ndani ya gari juani, na uupulizie silikoni mara kwa mara ili lateksi isipasuke wala kunata.

Sasa nije kwenye ninachokipenda kuliko vyote: ala. Karibu kila mtu anamaliza nguvu zake kwenye upanga, halafu anauning'iniza kwenye kitanzi cha kamba. Kwa Malory, mchawi Merlin anamuuliza Arthur anapenda kipi zaidi, upanga au ala yake. Arthur anajibu upanga. Merlin anamwambia hajui kitu, ala ina thamani ya panga kumi za namna hiyo, kwa kuwa anayeivaa hatapoteza damu hata akijeruhiwa vipi. Baadaye Morgan le Fay, dada yake Arthur, anaiiba na kuitupa majini. Ona utajiri uliomo humo kwa mchezo: kitu cha kuibwa, cha kutafutwa, cha kugombewa, na hakimuumizi mtu. Itengenezeni kwa ngozi halisi kama mnaweza, idariziwe, iwe na uzito mkononi. Upanga wa sponji hata uufanyeje utabaki sponji mtu akiushika, lakini ala inaweza kuwa kitu halisi kabisa.

Hapohapo kuna jambo waandaaji hulisahau. Katika simulizi hilo Arthur ana panga mbili. Ule aliouchomoa kwenye jiwe unavunjika anapopigana na Mfalme Pellinore, na ndipo anapewa mwingine na Bibi wa Ziwani. Kwa hiyo tengenezeni panga mbili zisizofanana. Tena ule wa kwanza umechomekwa kwenye fuawe iliyowekwa juu ya jiwe. Fuawe ya sponji ni rahisi kuichonga kuliko mwamba unaoaminika, na inaficha vizuri kifungio: pini ya mbao inayopita kwenye tundu la upanga wa maonyesho, ambayo mwandaaji anaichomoa kwa nyuma wakati mhusika sahihi anapokaribia.

Kikombe Kitakatifu, kile ambacho mashujaa wa Arthur hukitafuta, nacho si lazima kiwe kikombe. Kwa Chrétien ni chombo kipana cha kuandalia chakula, kinachobebwa na msichana katika msafara wenye mkuki unaotoa damu. Kwa Wolfram von Eschenbach ni jiwe. Mimi ningechukua sinia. Wachezaji wote watakuwa wanawinda kikombe cha dhahabu, na sinia itapita mbele ya macho yao.

Meza ya Duara msijaribu kuijenga. Ile iliyotundikwa ukutani Winchester, Uingereza, ambayo ilitengenezwa karne ya 13 na kupakwa rangi enzi za Henry wa Nane, ina kipenyo cha mita 5.5 na uzito unaopita tani moja. Chukueni kitambaa kikubwa cha duara, kigawanywe vipande vya kijani na vyeupe kama ile, mwandike majina pembeni na kukitandika chini. Kinakunjwa na kuingia begini.

Kuhusu barua, nina ugomvi wa kudumu na watu wanaozipaka rangi kwa majani ya chai ili zionekane za kale. Barua iliyoandikwa asubuhi na malkia haiwezi kuwa ya kahawia na yenye kingo zilizoungua. Hiyo ni barua ya miaka mia tatu iliyopita! Rangi ya chai iwekwe kwenye unabii wa kale tu, na karatasi ilowekwe na kukaushwa kabla ya kuandikwa, la sivyo wino utatapakaa. Barua za kawaida ziandikwe kwenye karatasi nene ya rangi ya maziwa, kwa wino usiotoka kwa maji na herufi kubwa, maana zitasomwa kwa mwanga wa taa ndogo. Zifungeni kwa lakiri. Mtu akivunja lakiri mbele ya wenzake, ukumbi mzima unageuka kumtazama.

Viatu vyako vya kawaida vilivyokwisha kuzoea mguu ni bora kuliko vya kihistoria vinavyoteleza. Vifunike kwa ngozi au vitambaa vya kuzungushia muundi. Miwani ya macho ibaki usoni.

Siku chache kabla ya mchezo, vaa kila kitu kwa wakati mmoja. Piga magoti, maana mbele ya mfalme utapiga magoti sana. Kimbia, kaa chini, kula, panda ngazi, nenda chooni. Kinachokubana nyumbani kitakutesa uwandani. Kisha panga mfuko wa mkandani: sindano na uzi mnene, gundi, kipande cha ngozi, ufunguo wako, maji. Dawa zako, kama za pumu, zikae humo humo na si hemani, na umwonyeshe walau mchezaji mmoja mahali zilipo.