Skuta Tanga mpaka Amani wikiendi, inawezekana?

Dada, umeuliza kama skuta itakufikisha Amani, ile hifadhi ya msitu, kulala wikiendi, itafika ila usiichukulie poa. Tanga mpaka Muheza ni lami tupu, unateleza tu. Shida inaanza ukiacha Muheza kupanda milima ya Usambara Mashariki, huko juu kuna vumbi, mawe na kona kali, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unateleza balaa, na tairi za skuta ni ndogo kila shimo unalisikia mgongoni. Masika, Machi mpaka Mei, usijaribu kabisa. Kushuka ndo hatari zaidi kwa sababu skuta ya otomatiki haina gia ya kushikilia mlima, ukibana breki muda wote zinapata moto zinaanza kugoma, kwa hiyo shuka taratibu, simama upumzishe. Jaza mafuta Muheza, na mtu mmoja tu, usipakize.

Mi ningekushauri ulale Zigi, pale kwenye geti la kuingilia hifadhi, kuna nyumba za wageni na pia palikuwa mwisho wa reli ya Wajerumani, nyumba ya stesheni masta ipo bado. Skuta iache hapo, asubuhi chukua mwongozaji mtembee. Usitegemee simba wala tembo, utaona mbega, kima, hondohondo, vinyonga, na usiku ukitoka na tochi vyura kibao. Aisee ule msitu ni mzuri sana, nenda kabisa, ila ondoka Tanga alfajiri usije ukapanda mlima na giza.