Unga wa mlonge utamrudishia baba mwili?

SWALI: Asalaam aleikum, Bibi. Baba yangu ana miaka 68, yuko mwezi wa nne wa dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimetulia, lakini mapaja yamekwisha. Kikoi chake kile kile sasa anajizungushia mara mbili. Sokoni nimeambiwa unga wa mlonge una flavonoidi zinazozuia nyama za mwili zisiishe. Nimpe huo, dawa apumzike kidogo?
Binti, Chake Chake

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Dawa asiziache hata siku moja, nakuomba. Hizo ndizo zinazozima moto wenyewe.

Mwili ukipigana na vijidudu hutoa kemikali za kuita askari wake. Mojawapo ni TNF. Zikidumu damuni, huuamrisha msuli ujivunje, protini yake ikatwe vipande vipande. Ndiyo maana mgonjwa anakula na bado anakonda.

Flavonoidi, kemikali za asili za mimea, zipo kweli. Kwasetini imo kwenye majani ya mlonge na kitunguu maji, katekini kwenye chai, na ile rangi ya zambarau inayobaki ulimini ni jamaa yao. (Harufu ya karafuu yetu haimo: ile ni yujinoli, kitu kingine.) Kwenye seli za maabara na kwa panya, baadhi yao zimeipunguza nguvu amri hiyo ya kuvunja. Kwa wagonjwa wenyewe ushahidi ni mchache mno kukuahidi kitu.

Nami nilipita huko. Marehemu mume wangu alipougua nilimnywesha maji ya mlonge asubuhi na jioni, kikombe kikubwa. Tumbo likajaa maji, sahani ya samaki ikarudi jikoni haijaguswa. Mpaka leo naiona ile sahani.

Kwa hiyo mlonge uwe mboga: majani mabichi, tui la nazi, kitunguu kingi, na samaki ndani. Msuli hujengwa kwa protini. Mzee anayetoka kwenye maradhi anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Akiwa na kilo 50, ni 60 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina kama 6 tu, basi mgawie samaki, kunde na maziwa, kidogo kidogo mara tano.

Na kila baada ya sala ya alasiri, akiwa hana kizunguzungu, ainuke kitini bila kushika mkono, nawe usimame karibu yake. Aanze na mara tatu. Uzito ukizidi kushuka, mrudisheni kliniki wiki hiyo hiyo. Akifika mara kumi, niandikie.