Ramadhani imehamia Machi, modeli yangu bado inaingoja Aprili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, nasomea takwimu za biashara hapa Tudor, Mombasa. Mradi wangu wa mwisho ni kutabiri mauzo ya tende katika duka la mjomba wangu, Marikiti. Nina mauzo ya kila mwezi kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2025. Miaka mitatu ya kwanza nimejengea modeli ya Holt-Winters, inayotabiri kwa kufuata kiwango, mwelekeo na msimu wa mauzo yaliyopita; 2025 nikauweka kando ili niijaribu nao. Miezi mingi imekaribia, lakini Machi modeli imepunja na Aprili imezidisha kupita kiasi. Msimamizi wangu ameniambia nijaribu ARIMA, njia nyingine ya kutabiri kutokana na namba zilizopita. Mwenzangu anasema hayo ya kale, nitumie mtandao wa nyuroni, programu inayojifunza yenyewe kutoka kwa mifano. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujagusa modeli nyingine, chukua kalenda ya Kiislamu uiweke kando ya jedwali lako. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kwenye kalenda ya ofisini Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku kumi, kumi na moja au kumi na mbili kila mwaka. Sasa tazama miaka yako. Mwaka 2022 karibu Ramadhani yote ilikuwa Aprili, kama siku 28. Mwaka 2023 Machi ilipata kama siku 8 na Aprili 21. Mwaka 2024 Machi ikapata 20, Aprili 9. Ulipofika 2025, ule mwaka wako wa majaribio, mfungo wote uliingia Machi na Aprili haikuambulia hata siku moja.

Holt-Winters haijui habari hiyo wala haina pa kuijulia. Charles Holt alitoa njia ya kufuata kiwango na mwelekeo mwaka 1957, Peter Winters akaongeza msimu mwaka 1960, na msimu huo umejengwa juu ya sharti moja: kinachotokea Aprili hii kitatokea Aprili ijayo. Kwa maembe ya Kongowea sharti hilo linafaa. Kwa hoteli za Nyali na Diani, zinazojaa kila Desemba, linafaa pia. Kwa tende halifai kabisa.

Data zako hukuniletea, basi tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme mwezi wa kawaida duka linauza kilo 300, na kila siku ya mfungo inaongeza kilo 30. Wastani wa siku za mfungo kwa miaka mitatu uliyojengea ni kama 9.3 kwa Machi na 19.3 kwa Aprili. Modeli inayojua majina ya miezi tu itakwambia Machi 2025 utauza kilo 580 na Aprili 880. (Holt-Winters huupa mwaka wa karibuni uzito zaidi, kwa hiyo namba zake hazitakuwa hizi hasa, lakini kosa litaelekea kule kule.) Mauzo yenyewe yatakuwa Machi 1,170, yaani 300 na siku 29 mara 30, na Aprili 300. Machi mjomba anaishiwa na tende watu wakiwa na swaumu zao, Aprili anabaki na kilo 580 za kuwapa majirani.

Hapo hapo tazama kipimo chako cha makosa, maana najua mmefundishwa MAPE, yaani wastani wa makosa kwa asilimia, na utaiandika kwenye ripoti. Machi umepungukiwa kilo 590, Aprili umezidisha kilo 580. Kwa kilo ni karibu sawa. Kwa MAPE, kosa la Machi ni asilimia 50 na la Aprili ni asilimia 193. Sababu ni kwamba MAPE hugawanya kwa mauzo halisi. Ukipunja, kosa haliwezi kuvuka asilimia 100. Ukizidisha, halina mpaka. Mwanafunzi akichagua modeli kwa MAPE peke yake anaishia kupenda modeli inayotabiri kidogo kidogo, na kwa duka la tende hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa sababu mteja aliyekosa tende Ramadhani huvuka barabara akanunua kwa jirani. Andika kosa kwa kilo, na uligawanye kwa kosa la mtu asiyejua lolote anayesema "mwaka huu kama mwaka jana." Usipomshinda huyo, modeli yako haina kazi, hata ikiwa na jina zuri namna gani.

Dawa yenyewe ni fupi. Ongeza safu moja kwenye jedwali: idadi ya siku za Ramadhani ndani ya kila mwezi. Miezi mingi itakuwa sifuri. Kisha fanya regresheni ya mauzo juu ya safu hiyo, yaani hesabu ya kutafuta kila siku ya mfungo inaongeza kilo ngapi, pamoja na mwelekeo wa miaka ikiwa duka linakua. Hata Excel inaiweza. Kwa mfano wangu, utapata 300 ya kawaida na 30 kwa kila siku ya mfungo, na Machi 2025 itatoka sawasawa ingawa modeli haijawahi kuona Machi yenye siku 29 za mfungo. Kwa 2026, Februari ina kama siku 10 na Machi 19, basi utabiri ni kilo 600 na 870. Mwaka 2030 ndio utakaowashangaza wengi: Ramadhani itaanza Januari, na nyingine itaanza kabla Desemba haijaisha.

Msimamizi wako hajakosea kutaja ARIMA. ARIMA ya msimu ikiachwa peke yake ina ugonjwa ule ule, maana nayo hutazama mwezi huu mwaka jana. Tofauti ni kwamba ARIMA hukubali kupewa kigeu cha nje. Kwenye R, ile programu ya takwimu, safu ya siku za mfungo inaingia kupitia xreg, sehemu ya kuwekea vigeu vya nje, na kile ambacho safu hiyo haikueleza ndicho kinachoshughulikiwa na ARIMA. Ukipenda, fanya hivyo. Na kwenye ripoti itakupa la kusema ukiulizwa. Mimi ningeanza na regresheni tupu.

Mwenzako wa mitandao ya nyuroni mwambie hivi: una miezi 36 ya kujengea, lakini una Ramadhani tatu tu. Kwa jambo unalotaka kulijua, sampuli yako ni tatu. Hakuna mashine itakayojifunza mwendo wa mwezi kutoka kwa mifano mitatu ikiwa hukuiambia kwamba kuna mwezi. Mashindano ya utabiri aliyoyaongoza Spyros Makridakis, matokeo yake yakatoka 1982, yalilinganisha njia nyingi kwenye mfululizo wa data 1,001, na njia ngumu hazikuonekana kuwa sahihi kuliko nyepesi kwa jumla. Mambo yamesonga tangu hapo, mitandao imeshinda penye data nyingi. Daftari la duka moja la Marikiti si data nyingi.

Sasa mambo ambayo kitabu chenu hakina. Tende hazinunuliwi sawa kila siku. Watu huanza kununua mwisho wa Shaabani, wakati wa vunja jungu, kabla ya swaumu ya kwanza. Kwa hiyo tengeneza safu ya pili, siku kumi za mwisho za Shaabani, uone kama inasaidia. Unga na tambi nadhani vitaegemea safu hii zaidi. Ukienda Biashara Street kwa wauza leso na nguo, Shaabani hutaiona. Huko hesabu ni kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakitafuta nguo za Idd. Mwezi ni ule ule na safu ni tofauti, ndiyo sababu usinakili modeli ya mtu mwingine. Ubishi wa mwandamo, nani kafunga leo na nani kesho, usikusumbue: kwenye data ya mwezi siku moja ni kilo 30. Ukipata mauzo ya kila siku ndipo utalazimika kuamua.

Jambo kubwa zaidi muulize mjomba mwenyewe: Machi 2025 tende ziliisha tarehe ngapi? Daftari linaandika alichouza, haliandiki aliowarudisha mikono mitupu. Ikiwa ghala lilikauka wiki ya tatu, ile namba ya Machi ni kiasi cha mzigo aliokuwa nao, na ukiifundishia modeli utamfanya aagize kidogo tena. Miezi ya namna hiyo iwekee alama.

Muulize pia anaagiza lini. Tende hufika Kilindini kwa meli, na oda hutoka miezi kabla. Ikiwa anaagiza Rajabu, basi jaribio lako la 2025 lifanye kama vile umesimama Rajabu, bila kuiona Shaabani. Utabiri wa mwezi mmoja mbele utapendeza kwenye ripoti na hautamsaidia mjomba.

Akiwa na madaftari ya 2019 hadi 2021, yachukue. Ramadhani tatu zaidi ni mali. Lakini Ramadhani ya 2020 iliangukia Aprili na Mei, na kuanzia Mei 6 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Mwaka huo usiufute. Uwekee safu yake yenye 1 kwa miezi ya zuio na 0 kwingine, modeli ijue kwamba kushuka kule hakukutokana na tende.