Yule mtoto kwenye kiti cha bluu

Mkuu umeuliza kwa nini huyu mtoto wa kwenye mchoro wa "Little Girl in a Blue Armchair" amechorwa kajilaza hovyo kwenye kiti badala ya kukaa vizuri, aisee ndo utamu wenyewe wa hiyo picha. Mary Cassatt, Mmarekani aliyekuwa anaishi Paris, aliichora 1878, na mtoto ni wa marafiki wa Degas, yule mchoraji Mfaransa, hebu cheki alivyochoka kukalishwa, mkono nyuma ya kichwa, sketi imepanda, na kijibwa kimelala zake kiti cha pembeni. Degas mwenyewe alisaidia kuchora kidogo ile sehemu ya nyuma ya picha. Ikapelekwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris mwaka huohuo, waamuzi wakaikataa, Cassatt alikasirika sana na mi naona alikuwa na haki kabisa. Saa hizi iko National Gallery of Art, Washington.