Hilux ya 1994: anza na chesisi, rangi baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue Hilux ya dizeli ya mwaka 1994 iliyokaa Tanga miaka yote, na kama uanze matengenezo kwa kupiga rangi. Rangi iache mwisho, kwa sababu gari lililoishi karibu na bahari huliwa na chumvi kutokea chini, mahali ambapo muuzaji hakupeleki. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, ugonge taratibu chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu na kumwaga maganda ya kutu. Ukikuta hivyo, achana nalo hata kama bei inavutia.

Injini ya 3L, yenye ujazo wa lita 2.8, ni ngumu na vipuri vyake havisumbui, lakini sharti uiwashe ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini) au filta ya hewa, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Mkanda wa taimingi, unaopanga mwendo wa valvu za injini, badilisha mara tu ununuapo, kwani ukikatika huweza kupinda valvu.

Namba ya chesisi na ya injini zilinganishe na kadi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.