Saladi ya pakiti ukiwa mjamzito

Pole kwa hofu, dada. Umeuliza kama uendelee kula saladi ya pakiti unayonunua supamaketi hapa Arusha, una mimba ya miezi sita na umesikia kuna bakteria wasiosikia dawa. Kwa hali yako ningeiacha mpaka ujifungue.

Hata kama pakiti imeandikwa "imeoshwa", usiitegemee. Bakteria hutoka kwenye samadi, maji ya kumwagilia au mikono ya watu, wakang'ang'ania jani. Kuosha kunawapunguza, hakuwamalizi. Friji nayo husaidia, ila listeria, aina mojawapo ya bakteria, huendelea kukua humo humo, na huyo anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Sikia hili, maana wengi tunalichanganya: usugu wao ni kwa dawa, si kwa moto. Mchicha au kabichi ikiiva vizuri, bakteria sugu hufa kama wenzake. Nyumbani kwangu, tangu mwanangu augue tumbo, majani yote tunapika. Hamu ya kachumbari ikinishika, nasugua nyanya na tango kwenye maji safi yanayotiririka, namenya tango, tunakula papo hapo. Sabuni usitie.

Ukiharisha, kunywa ORS. Tafadhali usinunue antibayotiki bila kupimwa, wala usimeze alizobakiza jirani. Usugu hukuzwa hivyo hivyo. Ukipata homa, hata bila kuharisha, au ukiona damu kwenye choo, au mtoto aliye tumboni amepunguza kucheza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na kadi yako ya kliniki.