Jibu: Mzee kapooza upande mmoja, tumpe aspirini?

Dada wa Malaba, weka hiyo aspirini chini! Umesema mzee aliamka salama, saa nne mdomo ukaenda kando na mkono wa kulia ukalegea, na bwana wa duka la dawa anataka umtafunishe aspirini kisha msubiri hadi kesho. Halafu unauliza CT au MRI (mashine mbili za kupiga picha ya ndani ya kichwa), bei, na mazoezi ya mkono. Picha ya kichwa kwanza, tena leo.

Kiharusi huja kwa njia mbili: mshipa wa ubongo umeziba, au umepasuka. Kwa nje mgonjwa ni yuleyule, na hata daktari bingwa hawezi kuwa na uhakika kwa kumtazama tu. Aspirini huzuia damu kuganda. Aliyeziba itamfaa, anayevuja unamwongezea hatari.

Kaka yangu alianguka Arua. Mhudumu wa kliniki ya mtaani akampima, akasema "presha tu hiyo", akampa aspirini, akambana na nifedipini, dawa ya presha, chini ya ulimi ili presha ishuke upesi, na kutuhakikishia kwamba picha ni kupoteza pesa. Tulimwamini, si alivaa koti jeupe? Kesho yake kaka hakuamka vizuri, ndipo tukampeleka kwenye CT. Daktari alitugeuzia skrini: doa jeupe pepepe upande wa kushoto, na ule mstari unaogawa ubongo katikati umesukumwa ukapinda. Damu mbichi kwenye CT huwa nyeupe hivyo. Hakusema aspirini ndiyo iliyoleta yote, ila alisema haikutakiwa kutolewa kabla ya picha. Leo kaka yu hai, lakini akitaka chai anaonyesha birika kwa kidole, neno halitoki. Mpaka sasa nina hasira na yule mtu. Huna mashine, huoni ndani ya kichwa, huo uhakika wa kugawa tembe unautoa wapi?

Na wala haraka hiyo haikuwa na sababu. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 1997, IST na CAST, kwa pamoja yalikuwa na wagonjwa wa kiharusi kama 40,000, na aspirini ilianzishwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Faida ilikuwepo, ila ndogo: kwa wagonjwa 1,000, kama 10 hivi waliepushwa na kifo au kiharusi kingine. Kwa hiyo aspirini inaweza kungoja picha. Isiyongoja ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, altepulesi, ambayo mwisho wake kwa kawaida ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hakuna daktari makini atakayeigusa bila picha. Ndiyo maana ile saa nne mdomo ulipokwenda kando ni muhimu: iandike kwenye karatasi, wataiuliza.

CT yatosha kwa leo. Ni dakika chache na damu haijifichi. Wakikwambia ni safi, usirudi nyumbani: mshipa ulioziba mara nyingi hauonekani saa za mwanzo, MRI ndiyo huuona mapema.

Asile wala asinywe chochote, hata maji, mpaka wampime kumeza. Tafuta gari, si boda, na kabla hamjaondoka piga simu uulize kama mashine inafanya kazi leo. Tororo, Mbale, hata kuvuka mpaka kuingia Kenya, popote watakapokujibu ndiyo.